Malezi ya Chura Mchanga

Msomaji wangu, katika viumbe wote wanaoishi karibu na mwanadamu, sijui kama yuko mwenye watetezi wachache kuliko chura. Paka hupewa maziwa, kuku humwagiwa mtama, na hata mjusi wa ukutani huachwa aende zake kwa kuwa anakula mbu. Lakini chura akionekana mlangoni, kinachotafutwa ni ufagio. Wengine humwogopa kwa kuamini kwamba akimgusa mtu humwotesha chunjua, na wengine humshuku kuwa ametumwa na mchawi. Hata methali yetu mashuhuri inayomtaja humpa kelele tu, na ng'ombe humpita akaenda kunywa maji. Nataka nikueleze habari za chura mmoja niliyemlea kwa muda wa karibu miezi 5 katika chumba changu huko Jericho, mashariki ya Nairobi, kwa kuwa huenda siku moja nawe ukaletewa mgeni wa namna hii, na asiyejua desturi za mgeni humlaza na njaa.

Usistaajabu kwamba nazungumza juu ya chura katikati ya mji. Jina lenyewe la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, na reli ilipofika hapa mwaka 1899 ilikuta uwanda wenye vinamasi. Upande wetu wa mashariki, kuanzia Kaloleni na Makongeni mpaka Umoja na Kayole, ardhi ni ule udongo mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Udongo huo hauruhusu maji kupenya upesi. Masika yakifika, baina ya Machi na Mei, kila shimo huwa ziwa dogo, na usiku ziwa hilo hupata wenyeji. Aliye mwingi kwetu ni yule mwenye ngozi ya vipele na madoa ya rangi ya kahawia, ambaye wataalamu humwita Sclerophrys gutturalis. Sauti yake ni kama mkoromo wa mzee aliyelala chali.

Mayai yake hutagwa majini katika nyuzi ndefu, meusi na mengi, kama shanga zilizotungwa. Wangari Maathai alipopokea Tuzo ya Nobeli ya Amani mjini Oslo mwezi wa Desemba 2004, alieleza katika hotuba yake jinsi alivyokuwa akienda mtoni utotoni kuteka maji, akiona mayai ya vyura na kudhani kuwa ni shanga, akijaribu kuyaokota, nayo yakimkatikia mikononi. Baadaye aliwaona viluwiluwi kwa maelfu wakichezacheza majini. Na baada ya miaka zaidi ya 50 kijito kile kilikuwa kimekauka. Niliisoma hotuba ile nilipokuwa katika chuo cha ualimu, nikaipenda, lakini sikufikiri kwamba siku moja itanijia nyumbani ndani ya kopo.

Kopo lenyewe lilikuwa la mafuta ya kupikia. Aliyelileta alikuwa mwanafunzi wangu mmoja, mkazi wa Makongeni, asubuhi moja ya mwezi wa Aprili. Ndani mlikuwa na viluwiluwi wapatao 40. Alikuwa amewateka katika shimo la msingi wa nyumba, kwa kuwa aliwasikia mafundi wakisema kwamba Jumatatu shimo litamiminwa zege. Mama yake alikwisha kataa kabisa kopo lile lisivuke kizingiti chake. Kijana hakuniuliza kama napenda vyura wala kama nina nafasi. Aliniuliza, "Mwalimu, hawa hula nini?" Swali hilo, msomaji, likawa ndilo swali la nyumba yangu kila alfajiri.

Malezi ya viluwiluwi hayana shida kubwa, nami sitakuchosha nayo. Huwekwa katika karai pana, mahali penye mwanga pasipo jua kali, na hula ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe pamoja na majani ya sukuma wiki yaliyochemshwa yakalainika. Miguu ya nyuma huanza kuonekana, kisha ya mbele. Hapo lazima uinamishe karai na kuweka jiwe linalochomoza juu ya maji, kwa sababu kiumbe aliyekuwa akipumua kama samaki sasa ana mapafu, na asipopata pa kupandia atakufa maji katika maji yaliyomlea. Mwisho wa Mei wengi wao walikuwa vyura kamili, wadogo kama punje za maharagwe, nasi tukawaachilia jioni moja ya mvua kandokando ya mtaro uliokuwa karibu na shimo lile. Mmoja alibaki. Alichelewa kutoka majini kwa muda wa wiki mbili nzima, akatoka mwembamba, na kufikia wakati huo mvua zilikuwa zimekatika na udongo umeanza kupasuka. Kumtoa nje wakati ule kungalikuwa kumtupa. Wanafunzi walimwita Diwani, kwa jinsi alivyokaa ameinua kichwa kana kwamba angojea kushangiliwa.

Sasa sikiliza kwa makini, kwa kuwa hapa ndipo vyura wengi wachanga wafugwao hufia. Chura anapoacha ukiluwiluwi, mkia wake haudondoki. Huyeyuka na kuingia mwilini, na kwa siku hizo chache huo ndio akiba yake, hahitaji chakula kingine. Utumbo wake, uliokuwa mrefu kwa ajili ya kula majani, hufupika ukawa wa mla nyama. Mkia ukiisha, njaa huanza mara moja, na mwili ule mdogo hauna pa kuiweka. Wanafunzi walimletea ugali, kiini cha yai, na nyama iliyosagwa. Niliwaacha wajaribu, maana mambo mengine hayafundishiki kwa maneno. Diwani alikaa mbele ya karamu ile kama kipofu. Kwa chura, kisichotembea si chakula; aweza kufa kwa njaa huku amekanyaga mnofu. Siku ya nne mifupa ya nyonga yake ilianza kuonekana chini ya ngozi. Kijana wa Makongeni hakusema neno tena. Alikuja kila jioni, akatazama, akaondoka.

Aliyetuokoa ni jirani yangu, mama mmoja mzee mwenye asili ya Vihiga, ambaye hupanda sukuma wiki katika magunia ya udongo nje ya mlango wake. Nilimweleza taabu yangu, naye akacheka mpaka akashika ukuta. "Mwalimu," akasema, "wewe unamtafutia chakula jikoni kwako. Mtafutie jikoni kwake." Akageuza jani moja la sukuma wiki. Upande wa chini ulikuwa umejaa vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, ambao yeye alikuwa akiwalaani tangu mwaka uanze. Nikamwambia, "Asante, Mama," naye akanijibu kwamba mwenye kumshukuru mwenzake ni yeye.

Tuliwapukuta vidukari kumi hivi ndani ya sanduku. Mmoja alianza kutambaa. Diwani aligeuza kichwa, kwa upole kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa chumba cha pili. Akainama. Kidole kimoja cha mguu wake wa nyuma kikatetemeka. Kisha kidukari hakikuwapo. Ulimi wa chura umeshikamana na sehemu ya mbele ya kinywa, si nyuma kama wetu, kwa hiyo hufyatuka nje na kurudi kabla hujaweza kuuona. Alipomeza, macho yake yalididimia kichwani kana kwamba amelala, kwa kuwa chura husukuma chakula kooni kwa macho yake. Wanafunzi walipiga kelele ambazo nadhani zilisikika mpaka Barabara ya Jogoo. Alikula tisa.

Tangu siku ile tulikuwa na kazi. Chura mchanga hula kila siku, na mdudu wake asizidi upana wa nafasi iliyo baina ya macho yake mawili. Vidukari pekee havitoshi, basi tulifuga nzi wa matunda: ndizi iliyoiva mno hutiwa ndani ya chupa, huachwa wazi mpaka nzi waingie na kutaga, kisha hufungwa kwa kitambaa chepesi. Baada ya siku 10 au zaidi kizazi kipya hutoka. Mwezi wa Julai, baridi ya Nairobi ilipokaza, nzi walichelewa kuzaliana, nikawa naiweka chupa karibu na jiko kila jioni baada ya kupika. Tulitwanga kaka la yai likawa unga kama poda, tukawanyunyizia nzi kabla ya kumpa, ili mifupa yake ipate chokaa. Muuza matunda wa sokoni alijizoesha kuniwekea ndizi mbovu bila ya kuniuliza sababu; nadhani alinihurumia.

Maji ni habari nyingine. Chura hanywi kwa kinywa. Hukaa juu ya kitu chenye unyevu, na maji humwingia kwa ngozi ya tumboni. Fikiri maana ya jambo hilo, msomaji: yote yaliyo ndani ya maji, mazuri na mabaya, yaweza kumwingia bila ya yeye kuonja wala kutema. Maji ya mfereji yametiwa dawa ya klorini ili sisi tusiugue, na dawa hiyo humuunguza yeye. Yafaa kuyaacha wazi katika chombo kipana kwa siku nzima kabla ya kumpa. Kwa sababu hiyohiyo, anayemshika na awe ameosha mikono na kuisuuza vizuri sabuni yote, tena iwe mibichi. Na akimaliza, aioshe tena kwa ajili yake mwenyewe: nyuma ya macho ya chura huyu mna tezi zenye sumu, ambayo haitakudhuru mkononi bali yaweza kukuwasha vibaya ukifikicha jicho. Ama chunjua, hizo huletwa na virusi vya binadamu. Chura hana hatia nazo.

Jambo lililonitia wasiwasi zaidi lilikuwa dawa ya mbu. Ukuta wetu wa Jericho ni mmoja kwa nyumba mbili, na jirani wa upande wa pili alikuwa na mtoto mchanga. Kila magharibi alipuliza dawa, na harufu ilipita juu ya dari ikafika kwangu. Nilikwenda kumwomba, kwa adabu, apulize mapema na kufungua dirisha. Alinisikiliza, kisha akauliza kama ni kweli namwomba amwache mwanawe aumwe na mbu kwa ajili ya chura. Sikuwa na jibu la kumpa, na hata leo sina. Tangu hapo nilimhamisha Diwani kila jioni, nikampeleka kwa yule mama wa Vihiga, naye alimweka chini ya meza na kumfunika kwa chandarua kilichochakaa.

Usitarajie shukrani katika kazi hii. Chura hakufahamu jinsi mbwa akufahamuvyo. Atakuja karibu na kidole chako kwa kuwa kinatembea, akikipima kama kinamezeka. Mara kwa mara huibambua ngozi yake yote kama mtu avuaye fulana, akaila, huku akikutazama bila haya. Niliona wanafunzi wengine wakichoka naye kwa sababu hiyo, wakarudia mpira wao. Wawili tu walidumu.

Vuli ilipofika mwezi wa Oktoba, Diwani alikuwa na urefu wa karibu nusu ya kidole changu, mnene, mwenye kurukia panzi wadogo. Kijana wa Makongeni aliomba tumbakize. Nilimwambia kwamba tulimtunza kiangazi kipite, nacho kimepita. Tena haifai kumwachilia chura mahali pa mbali na alipotoka, kwa kuwa uko ugonjwa wa ngozi uletwao na kuvu iliyopewa jina mwaka 1999, ambao umewaangamiza vyura katika nchi nyingi, na ambao kuvu yake imeonekana katika vyura wa Kenya pia. Anayemhamisha chura aweza kuuhamisha na ugonjwa. Lakini mahali alipotoka palikuwa wapi? Juu ya shimo lile sasa palisimama ukuta. Mto Ngong hauko mbali, lakini maji yake hupita viwandani na mitaani akibeba uchafu wa kila rangi, na wewe umekwisha jua chura hunywa kwa nini. Tulizunguka Jumamosi mbili. Mwishowe tulichagua mtaro uleule wa ndugu zake, ambao maji yake ni ya mvua, kando ya vishamba vya mboga karibu na reli. Tuligeuza majani ya sukuma wiki ya pale tukakuta vidukari tele.

Tulimwachilia usiku mvua ikinyesha. Alikaa juu ya udongo kwa kitambo, akainua kichwa kwa desturi yake, kisha akaingia chini ya jani.

Aprili iliyofuata nilipita pale na yule kijana baada ya mvua kubwa. Mtaro mzima ulikuwa ukikoroma. Alinishika mkono akasema, "Mwalimu, yule ni Diwani." Nikamkumbusha kwamba waitao ni madume peke yao, na kwamba katika miezi yote ile hatukupata kujua kama Diwani alikuwa dume au jike. Alifikiri kidogo, maji yakimchuruzika usoni.

"Basi kama si yeye anayeita," akasema, "yumo humo anasikiliza."