Kuku Niliyempikia Mama Watoto

Nilizaliwa Kibwezi, nikakua nikiamini kwamba mwanamume akishika mwiko, basi mkewe amekufa au amemtawala. Miaka kumi na minne ya ndoa sikuwahi kuchemsha hata chai. Na sikuwa mtu wa kula kimya. Muthokoi ukipungua chumvi, nilisukuma sahani katikati ya meza nikatoka nje. Mama watoto hakunijibu. Alikifunika chakula, akaniwekea.

Mwaka 2015 nilipata kibarua kwenye ujenzi wa reli ya SGR, hii iliyofunguliwa Mei 31, 2017, yenye vituo kwetu Emali, Kibwezi na Mtito Andei. Kambini kulikuwa na mpishi Mchina, mwanamume mzima mwenye mvi. Tulimcheka. Mimi ndiye niliyekuwa hodari wa kumwiga, nikirusha karai la hewani huku wenzangu wakishika mbavu. Siku moja nilifika kazini na njaa, hela zote nilikuwa nimezinywa. Akaniita kwa mkono, akanipa bakuli la wali na kuku, akarudi kwenye moto wake. Nilikula nikiwa nimempa mgongo. Hata ahsante sikumwambia.

Mwaka 2019 mama watoto akafanyiwa upasuaji. Alirudi nyumbani na mshono tumboni, amekatazwa kuinua kitu chochote kizito. Jioni ya kwanza niliwanunulia watoto mandazi. Ya pili, mandazi. Ya tatu mdogo wao akaniuliza, "Baba, tutakula chakula mama akipona?"

Kama nawe bado unakaa mezani ukisubiri kuletewa, sikuhukumu. Kiti hicho nakijua.

Nikachinja jogoo. Upishi wa pekee niliowahi kuutazama ni wa yule mzee wa kambini: nyama vipande vidogo, unga laini mweupe, soya sosi, tangawizi na kitunguu saumu, moto mkali, dakika chache. Soya sosi niliipata dukani. Unga ule sikuupata, nikachekecha wa ugali. Nikakaanga dakika tano kama yeye.

Jogoo wa kienyeji hajui habari za dakika tano. Nilipomwonja alikuwa mpira wa kandambili, na unga umeshika karai, makoko meusi. Nikakaa kwenye kigoda, moshi machoni, nikawaza mandazi. Ndipo sauti ikatoka chumbani: "Baba watoto, mtie maji umfunike. Huyo anataka kutokota." Alikuwa amenusa tu.

Alitokota zaidi ya saa nzima. Nikasugua karai, nikamrudisha na soya sosi zaidi, kijiko cha asali na maji ya machungwa mawili, maana kwetu Makueni machungwa hayatupigi chenga. Mchuzi ukaanza kunata na kung'aa. Kwa furaha nikatia chumvi. Hakuna aliyeniambia kwamba soya sosi ni chumvi tayari.

Nilimpelekea kitandani. Alionja, akanitazama, akaendelea kula. Sahani hakuisukuma. Aliimaliza, kisha akanywa maji vikombe viwili.

Nilitoka nje nikalia kidogo, nyuma ya banda la kuku.

Siku hizi Jumapili jioni jiko ni langu, namshukuru Mungu. Kuku namtokosa kwanza, chumvi siigusi. Mwanangu wa kiume ndiye anayenimenyea tangawizi.