Teke la Gia ya Tatu

Mara ya kwanza gari letu lilipopiga teke, mama mmoja kwenye kiti cha nyuma aliuliza kama tumegonga mbuzi. Ilikuwa saa nane mchana, tunarudi Lodwar kutoka Kakuma, abiria wanne na magunia matupu ya samaki kwenye buti. Nilikuwa nimepunguza mwendo kupisha ngamia. Nilipokanyaga mafuta tena, gia ikatoka ya pili kwenda ya tatu, na gari zima likashtuka kama punda aliyechapwa.

"Ni barabara tu, mama," nikamwambia.

Barabara ilikuwa lami mpya, nyororo kama meza. Yule mama akanyamaza, nadhani kwa kunionea huruma.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla, ile NZE, ya mwaka 2003. Baba alilinunua 2010 kwa mkopo wa sako ya walimu. Kwa miaka mingi alililipia kidogo kidogo huku akilipitisha kwenye barabara ya zamani, ile iliyokuwa na mashimo mpaka madereva walipendelea kupita kando, mchangani. Baba alipostaafu, gari likawa kazi ya nyumba nzima. Mama ananunua samaki mkavu Kalokol, mimi naupeleka Kakuma, karibu kilomita 120, na viti vinavyobaki napakia watu. Hapo ndipo inapotoka karo ya dada yangu mdogo, aliye bweni Kitale, kidato cha tatu. Gari likilala, naye anarudishwa nyumbani. Hesabu ni fupi hivyo.

Mimi niliacha chuo mwaka wa tatu. Nyumbani walijua "nimeahirisha masomo". Usiku nikirudi safarini naandika vitu vya mtandaoni kwa malipo ya neno: sifa za sufuria ambazo sijapikia, viatu ambavyo sijawahi kuvaa.

Fundi wa kwanza niliyemwona Lodwar hakufungua hata boneti. Alilizungusha gari uwanjani mara moja, akashuka akifuta mikono. "Giaboksi imekwisha, bro. Tuagize ingine Grogan, Nairobi. Elfu arobaini na tano na kufunga." Nilimshukuru, nikaondoka. Elfu arobaini na tano sikuwa nayo, na nikikopa nayo, nitamweleza nini Baba?

Kwa hivyo nikajifanyia udaktari. Nilichomoa kijiti cha oili ya giaboksi, nikaona iko chini, nikaenda petroli stesheni nikanunua chupa ya oili nyekundu. Sikusoma maandishi. Nyekundu ni nyekundu, si ndio? Wiki moja baadaye teke lilikuwa limezidi. Ajabu ni kwamba asubuhi gari lilikuwa sawa kabisa. Ukiwasha saa kumi na mbili, kabla jua halijachachamaa, gia zinaingia kama siagi. Mambo yalianza injini ikishapata moto, na Turkana kila kitu hupata moto.

Baba akipanda nami huwa ni asubuhi, kwenda sokoni au kanisani. Nilijua hivyo. Nilipanga safari zake hivyo.

Aliyenisaidia nilimpata Kakuma, upande wa kambi, chini ya mti wa mathenge. Kambi ile ilianza 1992, na waliofika huko kutoka Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Burundi na Kongo hawakuja mikono mitupu. Wengine walikuja na kazi zao. Yeye alitoka Bukavu, na Kiswahili chake kilikuwa na ladha ya huko. Giaboksi anaiita bwate.

Hakutaka kusikia hadithi yangu kwanza. "Tutembee," akasema. Tukatembea nusu saa mpaka gari likapata moto, likapiga teke mara tatu. Tukasimama mahali tambarare. Injini ikiwa inaunguruma, akavuta gia polepole kutoka P hadi L na kuirudisha, akisubiri kidogo kila kituo. Ndipo akachomoa kijiti, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kudondosha tone kwenye karatasi nyeupe. Mimi nilikuwa nimepima injini ikiwa imezimwa tena baridi, na kwa gari hili kipimo hicho hakikuambii kitu.

Tone lilikuwa la kahawia, na lilinuka kama maharagwe yaliyoungua.

"Hii bwate haijakufa, mdogo wangu," akasema. "Iko inaungua."

Akanieleza. Kwenye gari la otomatiki hakuna klachi ya mguu. Oili ndiyo inayosukuma klachi za ndani zishike, ndiyo inayolainisha, ndiyo inayobeba joto kulipeleka nje. Ikizeeka, presha haifiki kwa wakati. Gia inachelewa, kisha inaingia kwa hasira. Nayo hupozwa kwenye rejeta, rejeta ile ile ya maji ya injini. Akaniinamisha mbele ya gari, akamulika kwa simu. Kati ya rejeta na kondensa ya AC kulikuwa na vumbi, majani na wadudu, miaka ya Turkana imeshonwa pamoja kama blanketi. Upepo ungepitia wapi?

"Na hii ingine nani aliweka?" akauliza, akinusa tena. Nikakiri. Akacheka, akaniandikia kwenye kiganja herufi za oili ambayo gari hili linataka: T-IV.

Nilitaka amwage yote, asafishe, tuanze upya. Akakataa. Ukifungua nati ya chini, inatoka karibu nusu tu. Nyingine inabaki ndani, kwenye konvata. Na kwa bwate ya umri huu, alisema, yeye hapendi kuisukuma itoke yote kwa mashine, maana takataka iliyotulia inaweza kuamka na kuziba njia ndogo za oili. Toa nusu, weka nusu mpya, tembea kilomita elfu moja, rudia. Mara tatu. "Hautaona muujiza," alisema. "Utaona nafuu."

Siku hiyo tulifua rejeta na kubadilisha oili mara ya kwanza, pamoja na filta. Nililipa kwa pesa za samaki. Jioni ilinibidi nimweleze Mama hesabu haitoshi kwa nini, na Baba alikuwa ameketi pale pale.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Hilo teke nalijua. Lilianza nikiwa bado naendesha mimi."

Nilimtazama.

"Sikuwahi kubadilisha hiyo oili. Aliyeniuzia gari aliniambia ni ya maisha. Lilipoanza kushtuka nikaona likitengenezwa litakula karo yako. Nikanyamaza."

Karo yangu. Muhula wa mwisho alinitumia shilingi 28,000. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba miezi mitatu, nikalipa kodi, nikala, nikajiambia nitairudisha. Sikufanya mitihani. Hakuna kilichoahirishwa. Nilimwambia hayo yote hapo, kwa sauti ndogo, Mama akiwa ameacha kuhesabu noti. Baba hakupaza sauti. Miaka thelathini ya kufundisha watoto imemfunza kungoja. Akauliza tu, "Mara ya pili ya oili ni lini?"

Sasa tumemaliza zote tatu. Nafuu ipo. Gia ya tatu inaingia bila abiria kuuliza habari za mbuzi, ingawa mchana mkali, gari likiwa limejaa, bado nasikia kisukumo kidogo chini ya kiti. Nikikisikia napunguza mwendo, nazima AC, naomba msamaha kwa walio nyuma. Siku moja giaboksi itakufa kweli, na tutajua kwamba tulijua. Dada yangu alimaliza muhula.

Baba amefungua daftari la mazoezi, lile la mistari, analiweka kwenye dashibodi. Kwa kalamu nyekundu anaandika tarehe, kilomita, lita za oili. Ukurasa wa nyuma ameandika jina langu, na chini yake 28,000. Kila wiki napunguza kidogo. Wiki iliyopita ilibaki 19,500, na pembeni ameweka tiki.