Alama ya Hisi

Nilifungua maktaba ya muziki katika kompyuta yangu ili nizinakili, kwa ajili ya tasnifu, nyimbo za harusi alizoniimbia marehemu nyanya yangu. Majina yote yalikuwamo, ila kila moja lilikuwa na alama ya hisi kandoni. Nikabofya, kimya. Mwili ulinifa ganzi. Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, ningempata kwingine. Nyanya hakuwa na kwingine.

Nusura niyafute majina yale nianze upya, na mpangilio wangu wote ungepotea. Mwenzangu mmoja asomaye kompyuta alinizuia. Maktaba ile, alinieleza, haihifadhi nyimbo. Huhifadhi anwani zake tu. Nyimbo zenyewe zilikuwa katika diski ya nje, nami siku ile nilikuwa nimetanguliza kuchomeka kifaa kingine, kikaitwaa herufi E. Diski ikapewa F. Programu ilikuwa ikibisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa.

Alichomoa kifaa kile, akairejeshea diski herufi yake, akaifungua programu upya. Nyanya akakohoa, kama alivyokohoa siku ile kabla ya kuanza.

Sikunakili neno usiku ule.