Kimo cha Kamera

Msomaji, ukizitazama picha zilizomo katika simu ya mtu yeyote, utaona ya kwamba karibu zote zimepigwa kutoka kimo kimoja, nacho ni kimo cha macho ya mtu mzima aliyesimama wima. Mpiga picha amefika, ameinua mikono, amebonyeza, amekwenda zake. Hakuinama wala hakupanda juu ya kitu. Yu tayari kununua simu ya bei kubwa ili picha zake zipendeze, lakini hayu tayari kupiga goti, jambo ambalo gharama yake ni vumbi kidogo la suruali.

Desturi hii ni ya zamani kuliko simu. Kamera nyingi za mwanzo wa karne ya 20 zilishikwa mbele ya tumbo, na mwenye kamera aliinamisha kichwa kuchungulia kioo kidogo kilichokuwa juu yake. Mwaka 1928 mpiga picha Mrusi, Alexander Rodchenko, alizilaumu kwa ukali picha za namna hiyo, akisema zimepigwa kutoka kitovuni. Yeye alipanda roshani akawapiga picha watu walioko barabarani, na mwaka 1927 alisimama chini ya misonobari akaielekeza kamera juu, vigogo vikaonekana vinakimbilia mbinguni. Wengi walimshutumu. Hatuna haja ya kumwiga kila siku, maana picha za kupindapinda nazo huchosha. Lakini alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini kila kitu kitazamwe kutoka mahali pamoja.

Hebu tuanze na jambo la kupimika. Katika uwanda ulio sawa, ule mstari ambapo mbingu hukutana na ardhi hupita katika picha sawasawa na kimo cha kamera. Ukiishika kamera sentimita 160 kutoka ardhini, mstari huo utamkata kila mtu mzima usoni au shingoni, awe karibu nawe au awe mbali. Ndiyo sababu katika picha nyingi za pwani watu huonekana kama wamechinjwa na bahari. Ishushe kamera hadi kiunoni, na mara vichwa na mabega yatapanda juu ya mstari, yakasimama peke yake mbele ya mawingu. Hapo hata kitovu alichokilaumu Rodchenko kina faida yake!

Majengo yana sheria nyingine. Ukisimama karibu na jengo la KICC la Nairobi, lenye urefu wa mita 105, ukaielekeza kamera juu, pande zake zitasogeleana na jengo litaonekana linaanguka kinyumenyume. Mistari iliyo wima hubaki sambamba pale tu ambapo kamera nayo imeshikwa wima. Basi rudi nyuma, au tafuta ghorofa ya jirani ulitazame jengo uso kwa uso.

Lakini mimi ni mwalimu, na linalonishughulisha zaidi ni picha za watoto. Wageni hufika shuleni na zawadi ya vitabu au viatu, na pamoja nao huja kamera. Mtoto wa darasa la kwanza, ambaye kimo chake hakizidi sana sentimita 115, hupigwa picha na mtu mrefu aliyesimama hatua mbili mbele yake. Kichwa hutokea kikubwa, miguu hupungua, macho hulazimika kuinuka, na nyuma yake hakuna mbingu wala shule wala wenzake, ila ardhi tupu. Nimeziona picha za namna hiyo za mtoto ambaye dakika chache kabla alikuwa akiwashinda wenzake mbio. Katika picha amekuwa mnyonge angojaye kuhurumiwa. Maneno yaliyochapwa chini yake yalikuwa ya kweli. Kilichombadilisha mtoto ni kimo cha kamera.

Wenye kutafuta utukufu wanaifahamu siri hii, nao huitumia kinyume chake. Katika filamu aliyoitengeneza Leni Riefenstahl huko Nuremberg mwaka 1934, mara nyingi Hitler hutazamwa kutoka chini, mbingu ikiwa nyuma yake, ili aonekane mkubwa kuliko wanadamu wengine. Yatazame nawe mabango ya uchaguzi barabarani kwetu, ukapime kamera iliwekwa wapi.

Sisemi ya kwamba kupiga picha kutoka juu ni dhambi. Soko lililojaa watu, au duara la wachezaji ngoma, halionekani umbo lake ila kutoka juu. Nasema tu kwamba mahali hapo pachaguliwe.

Jaribu jambo hili. Mwendee bibi yako akiwa ameketi kigodani akichambua maharagwe, umwombe ruhusa. Mpige picha ya kwanza ukiwa umesimama. Ya pili ukiwa umepiga goti, kamera ikiwa sawa na macho yake. Ya tatu ukiwa umeketi chini kabisa. Usimweleze ulivyozipiga. Mpe azitazame zote tatu, kisha umwulize ni ipi angependa itundikwe ukutani.