Kichwa cha Sogeza

Wenzangu wakianza hadithi za mwisho wa reli, watakusimulia treni ya abiria. Mimi nilikuwa karani wa tali kwenye maghala ya bandari ya Kigoma, na macho yangu yalikuwa kwa kichwa cha sogeza, ile injini ndogo ya kupangia mabehewa.

Uvira, mji wa Zaire ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ulikuwa umeanguka mikononi mwa waasi Oktoba 1996. Watu wakavuka ziwa kwa maboti, wengi wakishukia Kibirizi, na kabla mwaka haujaisha kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu ikafunguliwa. Mahindi yao yalishushwa Dar es Salaam, yakaja kwa reli ya Mjerumani iliyofika kwetu 1914, safari ya kilomita zaidi ya 1,200. Ile injini kubwa ikishafika stesheni, basi, imemaliza. Kuyafikisha mabehewa ghalani ilikuwa kazi ya yule mdogo.

Huko Marekani, vichwa vidogo vya namna hiyo husogeza mabehewa chini ya maghala marefu kama minara, nafaka ikamiminwa kwa bomba. Kwetu bomba ni mabega ya wachukuzi. Kwa hiyo mlango wa behewa ulitakiwa usimame sawia na mlango wa ghala. Dereva akipitiliza hatua mbili, mchukuzi ameongezewa hatua mbili kwa kila gunia, kwenda na kurudi, mpaka magharibi. Wachukuzi hawakumwachia.

“Mzee, rudi nyuma! Kidogo tena, mzee wetu!”

Alikuwa mtu wa Ujiji, kofia ya viua haimtoki. Kelele zote hizo hazisikii. Anatazama mkono wa shanta, msaidizi wake wa kupanga mabehewa, aliyening'inia kwenye ngazi ya behewa la mwisho. Mkono ukishuka, breki. Shanta anaruka, anasukumia kabari chini ya gurudumu, na kabla hajainuka gunia la kwanza limeshapanda begani. Siku kichwa kilipogoma, vijana waliingiza mitaimbo chini ya magurudumu wakasukuma behewa kwa nyimbo. Lilitembea, ila kulisimamisha ndipo pakawa na kasheshe.

Kisha zikaja mvua za El Niño, mwisho wa 1997. Reli ikakatika huko mbele, mabehewa hayaji, sisi makarani tukashinda tukicheza bao. Yule mzee alikuja kila asubuhi, akawasha injini, akaipeleka mpaka ukingoni mwa gati na kuirudisha. Nilimuuliza anasogeza nini.

“Kutu, mwanangu,” akasema, akaomba chai.