"Uko naisha, mama": kukonda na miaka ya uso

Hapa kwetu Likasi, mtu asipokuona kwa miezi mitatu, siku mnakutana sokoni anatazama kwanza mashavu yako, ndipo anauliza habari za watoto. Yakiwa yamejaa: "Ee mama, umenona, bwana anakuchunga muzuri!" Yakiwa yamepungua: "Mama, uko naisha! Iko nini?" Neno hilo tulitazame kidogo, wamama. Mtu hapungui, anaisha, kama unga katika mfuko. Na mara nyingi nyuma yake linakuja lingine: "Umekuwa muzee." Wiki hii tunaongea juu ya mambo hayo mawili, kukonda na kuzeeka, kwa sababu mama mmoja wa likelemba yetu alikaribia kufa katikati yake.

Woga wa kukonda haukutoka hewani. Mji wetu umejua njaa. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines, huku Likasi, Lubumbashi na Kolwezi, walitoka kazini kwa mpango ulioitwa wa kutoka kwa hiari. Feza waliyopewa haikukaa siku nyingi, na wazee wa Panda na Shituru wanaeleza mpaka leo jinsi baba wa miaka 45 alivyoanza kuonekana kama wa 60. Mashavu yaliingia ndani, shingo ikabaki mishipa. Kwa macho ya mtoto aliyekua wakati ule, kukonda na kuzeeka na kukosa chakula ni kitu kimoja.

Halafu kuna sida. Wazazi wetu wanakumbuka Franco Luambo Makiadi, mtu mwenye mwili mkubwa ambaye Zaire yote ilimjua kwa gitaa na kwa kilo zake. Mwaka 1987 alitoa wimbo wa kuwaonya watu juu ya sida. Muda mfupi baadaye yeye mwenyewe akaanza kukonda sana, na watu wengi wakakata kesi kwa macho tu, bila kuona karatasi ya munganga. Alikufa Ubelgiji tarehe 12 Oktoba 1989. Alikuwa na miaka 51, lakini picha zake za mwisho ni za mzee. Tangu wakati ule, mtu mnene akipungua katika mtaa, kuna jirani ambaye tayari anajua ugonjwa wake.

Basi, huyo mama wetu. Hatutamtaja jina, yeye mwenyewe alituruhusu tueleze. Ni mwalimu kama sisi, ana miaka 49, na alikuwa na kilo 96. Kiu ilimshika, mkojo wa usiku, macho yakawa na ukungu. Hopitali wakamwambia: ugonjwa wa sukari, na tansio juu yake. Wakampa dawa, na munganga akasema wazi kwamba dawa peke yake hazitatosha, kilo lazima zipungue.

Akafanya kazi hiyo kama mwalimu anavyosahihisha madaftari, kidogo kila siku. Akaacha bitumbula vya asubuhi na sukari katika chai. Bukari akaikata nusu, sombe akaongeza. Pikipiki akaiacha, akawa anatembea kutoka Kikula mpaka masomoni, na kurudi. Katika miezi kumi alifika kilo 83. Sukari ilishuka, tansio ilishuka, magoti yakaacha kulia kwenye ngazi. Munganga alimpongeza mbele ya wagonjwa wengine.

Lakini hakuna jirani aliyempongeza. Kwenye kilio kimoja alisikia wamama wawili wakinong'ona nyuma yake. Mama mukwe alimwita pembeni, kwa heshima, akamwuliza kama kijana wake anamtesa au kama kuna jambo ambalo familia haijui. Wanafunzi wa darasa la sita walimwita koko. Siku moja alitazama kioo akaona kwamba hawakusema uongo wote: mikunjo miwili mirefu kando ya mdomo, ngozi imelegea chini ya kidevu, macho yameingia. Mwili ulikuwa mwepesi kuliko miaka kumi iliyopita, lakini uso ulikuwa umekimbia mbele.

Je, kukonda kunazeesha uso kweli, ao ni maneno ya watu? Kunazeesha, kwa sehemu, na ni vizuri kusema hivyo bila kuficha. Chini ya ngozi ya uso kuna mafuta yaliyokaa kama mito midogo: mashavuni, kwenye panja, chini ya macho. Ndiyo yanayoijaza ngozi. Mwili ukipunguza mafuta hauchagui tumbo peke yake, unachukua na usoni. Kwa msichana wa miaka 20 ngozi inajivuta na kufuata, kwa sababu bado ina nguvu kama lastiki mpya. Baada ya miaka 40, na zaidi baada ya hedhi kukoma, lastiki hiyo imechoka. Mto ukipungua, foronya inabaki kubwa.

Kuna uchunguzi mmoja unaotupendeza kwa sababu ulifanywa kwa mapasa, na sisi watu wa huku, wenye akina Kyungu na Kabange, Mbuyi na Kabanga, tunajua kutazama mapasa. Mwaka 2009 munganga mmoja wa upasuaji wa Cleveland, Marekani, Bahman Guyuron, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya jozi 186 za mapasa wanaofanana kabisa, waliopigwa picha katika sikukuu ya mapasa inayofanywa kila mwaka katika mji wa Twinsburg. Watu wengine walipewa picha wakadirie miaka ya kila mmoja. Chini ya miaka 40, pacha aliyekuwa mnene zaidi ndiye aliyeonekana mkubwa. Baada ya 40 mambo yaligeuka: aliyekuwa mnene kidogo kuliko mwenzake alionekana kijana zaidi. Kwa hiyo msichana wa miaka 28 akipunguza kilo, uso wake unaweza hata kurudi utotoni. Dada yake mkubwa wa miaka 50 akipunguza zilezile, watu watamwongezea miaka. (Uchunguzi huo ulionyesha pia kwamba jua na sigara vinazeesha, na kwamba pacha aliyeachana na bwana alionekana mkubwa kuliko mwenzake kwa karibu miaka miwili. Tunajua wamama watakaosema kwamba kwao ilikuwa kinyume.)

Hata kule kwenye feza jambo hili linawasumbua. Siku hizi watu wa Ulaya na Marekani wanajidunga dawa za kukondesha, Ozempic na nyingine, na wamepata jina la uso unaolegea baada ya kilo kuondoka haraka. Wengine wanalipa tena munganga awajaze mashavu kwa sindano. Hatuwacheki, maana huku sisi tuna vinini vyetu.

Ndipo tunapofika penye jambo zito. Mama wetu alichoka na maneno. Rafiki alimwonyesha vinini vya kunenepesha, vile vinavyouzwa bila karatasi ya munganga, mara nyingine vimefungwa tu katika kaplastiki bila jina. Katika wiki tatu uso ulijaa, ukawa wa mviringo kama mwezi. Na watu wakafurahi! "Sasa umerudi, mama!" Mama mukwe alishukuru Mungu. Katika wiki ya tano alianguka darasani mbele ya watoto. Hopitali walimkuta sukari imepita 400, na alilala kule siku tisa. Sisi tulikuwa tunabeba uji kwa zamu, na kila mgeni aliyeingia alisema, "Lakini uso wake uko muzuri."

Tujue ni nini tunachomeza. Vinini hivyo mara nyingi ni deksametazoni, ao siproheptadini, ao vyote viwili pamoja. Siproheptadini ni dawa ya mzio, ya pua na ya kujikuna. Inaleta usingizi na njaa, ndiyo sababu watu wanaitumia kunenepa. Deksametazoni ni dawa kubwa, inaokoa watu wakiipewa na munganga kwa ugonjwa unaoihitaji. Ukiinywa ovyo inapandisha sukari ya damu, inapandisha tansio, inasukuma mafuta na maji usoni, na wakati huohuo inapunguza nyama ya mikono na miguu, inadhoofisha mifupa na kuifanya ngozi iwe nyembamba. Yaani uso unaonekana wa miaka 35 huku mwili unakimbilia 70. Na mama ambaye ameinywa majuma mengi asiiache kwa siku moja akisoma maneno haya. Mwili unakuwa umesahau kutengeneza dawa yake wenyewe, na kukata ghafla kunaweza kumwangusha. Aende kwa munganga, aseme ukweli, apunguziwe hatua kwa hatua. Munganga amekwisha kuyasikia mengi, hatashangaa.

Sasa, kama lazima mtu apunguze kilo, afanyeje ili asikauke? Kwanza polepole. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na mara nyingi si lazima kufika mbali. Mwaka 2002 kule Marekani walitangaza matokeo ya watu zaidi ya 3,000 waliokuwa karibu kuingia katika ugonjwa wa sukari. Kundi moja lilifundishwa kupunguza sehemu 7 kwa 100 ya uzito na kutembea dakika 150 kwa wiki, na hatari yao ilishuka kwa 58 kwa 100 kuliko wale walioachwa bila mafundisho hayo. Hesabu ni rahisi: mwenye kilo 86 ni kama kilo 6. Kilo 6 haziwezi kumgeuza mtu koko. Na dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, chini ya njia ambayo wengi wetu tunatembea tukitafuta bei nzuri ya mafuta.

Anayekata chakula chote anakonda nyama pamoja na mafuta, na huyo ndiye anayekauka. Punguza bukari, muchele, bitumbula, fanta, na munkoyo uliotiwa sukari. Usipunguze maharagwe, ndakala, mayai, soya, karanga kidogo, na mboga. Lakini mama anayekunywa dawa za sukari ao kujidunga insulini asibadilishe sahani yake bila kumwambia munganga, maana sukari inaweza kushuka sana akaanguka njiani.

Na kuna vitu vidogo ambavyo wengi hawavihesabu. Meno ya nyuma yakikosa, shavu linaingia, hata kama kilo hazijapungua. Wakati wa baridi, mwezi wa sita na wa saba, vumbi na upepo vinakausha ngozi, na mafuta kidogo asubuhi na jioni yanasaidia. Lakini zile krimu za kung'arisha, hapana, maana nyingi zina dawa za jamii ya deksametazoni, na nazo zinaifanya ngozi nyembamba. Halafu nguo. Mama amepunguza kilo 13 lakini anavaa bado blauzi ya kilo 96, mabega yanaanguka, na kila mtu anaona mgonjwa. Kikwembe hakina kosa, kinafungwa upya; blauzi ipelekwe kwa mshonaji. Mama wetu alipotoka hopitali, likelemba haikumpa matunda. Tulimlipia mshonaji apunguze blauzi nne. Leo yuko kwenye kilo 85, mikunjo iko palepale kando ya mdomo, sukari inapimwa kila mwezi na munganga ameridhika.

Juu ya salamu zetu, tulikubaliana jambo moja katika kikundi, na mnaweza kulijaribu kwenu. Hatumwambii mtu "umenona" wala "uko naisha" mbele ya watu. Tunamwuliza kama analala vizuri, kama anakula, kama ana nguvu ya kupanda mpaka nyumbani. Bibi mmoja mzee wa lupango la jirani alipinga, alisema salamu bila mashavu haina chumvi. Tulimwacha, ana miaka 80 na haki yake.

Maana hatusemi kwamba kila kukonda ni kwema. Mtu aliyeamua kupunguza anajua kilo zimekwenda wapi. Yule ambaye kilo zinamtoka na hajapanga kitu, anakula kama kawaida na kikwembe kinalegea, huyo asingoje. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, homa isiyoisha, kiu na mkojo mwingi, kuhara kusikopona: aende kituo cha afya wiki hii. Dawa za kifua kikuu na za sida zinatolewa bure, na kipimo cha sukari ni tone moja la damu kwenye kidole. Kama anaogopa kwenda peke yake, mmoja wetu amsindikize, akae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.