Jina Lisikikalo Siku ya Kosa

Ndugu msomaji, je, umewahi kufanya kazi isiyotambuliwa na mtu yeyote mpaka siku unapokosea? Kama ndiyo, basi habari za Mmarekani aitwaye Trey Junkin zinakuhusu, ijapokuwa mchezo wake si wetu.

Katika kandanda la Kimarekani mpira una umbo la yai, na aghalabu huchezwa kwa mikono. Zipo hata hivyo nyakati za kuupiga teke, na hapo huhitajika mtu wa kazi moja tu. Mtu huyo huinama, kisha huurusha mpira nyuma, kupitia katikati ya miguu yake. Ukiwa wa kutafuta pointi, huurusha kiasi cha mita 7 kwa mwenzake, naye huusimamisha chini ili upigwe. Ukiwa wa kupigwa mbali, husafiri mita 14 hivi kwa muda usiotimia sekunde moja. Akifanya sawasawa, anayeshangiliwa ni mpigaji.

Junkin aliingia ligi kuu mwaka 1983 akadumu misimu 19. Alikwisha kustaafu, New York Giants walipomwita awasaidie katika mechi ya mtoano dhidi ya San Francisco 49ers, tarehe 5 Januari 2003. Alikuwa na umri wa miaka 41. Giants waliongoza kwa 38 kwa 14, kisha wakapitwa kwa pointi moja. Zikiwa zimesalia sekunde 6, walipata nafasi ya kupiga teke la ushindi. Junkin akarusha mpira. Ukaenda chini mno, mpigaji asiweze kuupiga. Mechi ikaisha 39 kwa 38. Kesho yake wakuu wa ligi walikiri kwamba waamuzi nao walikosea, kwani mchezo ule ulistahili kurudiwa. Lakini Junkin hakungoja utetezi huo. Alikwisha kusimama mbele ya waandishi akasema kosa ni lake.

Nami nilianza kazi hii ya uandishi nikiwa msoma prufu katika gazeti moja. Kwa miaka mitatu nilisahihisha maelfu ya mistari, wala hakuna aliyeuliza jina langu. Siku moja, katika tangazo la msiba, jina la mfiwa likachapwa mahali pa jina la marehemu, na jicho langu likapita. Asubuhi ya pili mzee mmoja alifika ofisini na gazeti mkononi. Akasema kwa upole, "Mimi ndiye marehemu wenu." Mkubwa wangu akamwomba radhi. Mimi nilikuwa chumba cha pili, nimejifungia, nasikiliza.

Juma lile nilichukua likizo nikaenda nyumbani Suma, wilayani Rungwe. Mvua ilikuwa ikinyesha kama kawaida ya Tukuyu, na mama alikuwa shambani akichuma chai. Nikamsaidia. Uchumaji bora ni majani mawili na chipukizi. Jani gumu likiingia huharibu sifa ya kikapu kizima. Jioni, kwenye mizani, karani alichambua chai yetu, akatoa konzi ya majani makavu na kuitupa. Majani hayo nilichuma mimi. Kabla sijafungua kinywa mama akasema, "Ni yangu, mwanangu karani. Kesho nitatazama vizuri."

Njiani nilimweleza yote yaliyonipata kazini. Nilitazamia anifariji. Yeye akauliza jambo moja tu: "Yule mzee, ulimwomba radhi?"

Sikuwa na jibu. Niliporudi mjini nilimtafuta mzee yule siku mbili mpaka nikampata. Alinikaribisha chai, tukazungumza habari za marehemu ndugu yake, nami nikajua kwa mara ya kwanza jina lile lililoachwa lilikuwa la mtu wa namna gani.

Ndugu msomaji, kazi za namna hii ni nyingi kuliko zile za kupigiwa makofi. Yuko anayekaza boliti za basi ulipandalo, na yuko anayewasha moto nyumbani kwako kabla hujaamka. Usingoje uji uungue ndipo umkumbuke mpishi. Na ikiwa mwenye kazi hiyo ni wewe, siku mpira utakapoponyoka mikononi mwako, toka chumba cha pili.